Nati ya Nyuma

Fundi wetu hafungui nati kabla ya kuibembeleza. Huinama chini ya boneti, tumbo limelalia taa, akaipulizia mafuta ya kutu huku akiinong'oneza, "Njoo basi, usinitie aibu mbele za watu." Ikikaza, huiita shemeji. Ikizidi, huiita mama mkwe, na hapo huvua kofia.

Leo bomba la kuingizia hewa kwenye injini liligoma kutoka, ingawa aliapa nati zote ameshazitoa. Alilivuta mpaka gari zima likayumba, akalitukana na ukoo wake wote. Mkewe, aliyemletea chai, akachungulia kwa nyuma.

"Baba watoto, hii mbona bado imefungwa?"

Fundi akachungulia. Akavua kofia taratibu.

"Shikamoo, mama," akaiambia nati. "Samahani, sikujua kama uko ndani."