Utepe wa Nyamasaria

Dorca hakuwa mtu wa kinyaa. Alikuwa amefua nguo za watu Milimani hadi soksi za mabwana wa huko akazijua kwa harufu. Lakini mtambo wa kuchajia pikipiki pale steji ya Nyamasaria ulimtia kichefuchefu.

Ulisimama hapo tangu mvua za mwaka jana, stima imeshaingia, kitaa cha kijani kinakonyeza. Ila ulifungwa utepe mwekundu, ukimngoja mheshimiwa aje kuukata, na mheshimiwa alikuwa na mazishi kila Jumamosi. Kabla hajaukata, haukuguswa. Yaani kuchajia, hapana. Kukojolewa ulikojolewa, tena na wanaume wazima, wakijipinda kidogo wasiloweshe utepe. Heshima ni heshima.

Pikipiki ya Dorca ilikuwa ya umeme, kapewa na kampuni abebe abiria kwa majaribio. Ikionekana imelala bila kazi inarudishwa, naye anarudi kwenye soksi. Asubuhi hiyo ilizima akitoka Ahero, akaisukuma hadi steji akitweta. Sydney, kijana wa ofisi ya mheshimiwa aliyetumwa kuangalia mtambo, alikuwa kivulini, leso puani.

"Bwana Sydney, nifungulie nichaji."

"Dorca, bado haujazinduliwa."

"Si wanaume wameuzindua kila siku? Nusa."

"Ni utaratibu. Si mimi."

Jacinta, aliyekuwa akikaanga mgongo wazi, mifupa ya samaki iliyotolewa minofu, kando yao, alitema mate. "Nyar Ahero, binti wa Ahero mzima, unabembeleza nani? Huyo ameajiriwa kuchunga kamba." Akamnyooshea Dorca kisu cha samaki, magamba yamekiganda.

Dorca akakipokea, akakata utepe. Steji nzima ikamkodolea macho kana kwamba amevua nguo hadharani. Akapangusa mtambo kwa utepe wenyewe, akautupa, akachomeka waya. Pikipiki ikalia mlio mdogo, ikaanza kula stima.

Sydney alimpigia mheshimiwa simu. Mtu aliyeshindwa kuja mwaka mzima akafika kabla ya chakula cha mchana, na mpiga picha, na utepe mpya.

"Mama, chomoa kidogo tuzindue," mheshimiwa akasema, akipumua kwa mdomo.

Dorca akatazama betri. Nusu.

"Ngoja ijae, mheshimiwa. Mimi nimekungoja sana."

Mpiga picha alikuwa tayari ametoa kamera, na watu wametoa simu, kwa hiyo mheshimiwa akatabasamu, akangoja. Viatu vyake vya ngozi vilizama taratibu kwenye kidimbwi chini ya mtambo. Jua lilikuwa kali, mvua haikuwa imenyesha wiki hiyo, na hakuna aliyemwambia yale ni maji ya nini.