Evarista na usukani uliomfanya mjane

Saa mbili asubuhi jua la Kizota, mjini Dodoma, limeshaanza kuchoma. Evarista Malogo (38) amelala chali chini ya Land Rover ya mwaka 1956, anagonga bushi ya shaba, kijipete cha kuzuia usukani usicheze, kwa kipande cha mti, taratibu, isipasuke. Mbili za kwanza zilipasuka.

Gari hili ndilo lililomuua mumewe.

Yotham alilinunua kwenye mnada, likiwa kuukuu, akawa anabebea mahindi kutoka Kibaigwa. Evarista alimshikia spana miaka tisa. Ndiye aliyegundua kuwa usukani unacheza: unauzungusha robo nzima, magurudumu hayana habari.

"Nikamwambia, baba Ruthu, kichwa cha tairodi kimekwisha. Akasema, 'Kifunge mpira tu, tumalize msimu.' Nikanyamaza, nikakifunga. Kwa mikono hii."

Kichwa hicho, kinachounganisha usukani na magurudumu, kilichomoka Agosti 1992, mteremkoni. Yotham alifia palepale.

Baada ya arobaini, ndugu wa mume walichukua shamba na ng'ombe wanne. Gari hawakuligusa.

"Walisema lina mkosi. Nikawaambia, basi niachieni mkosi wangu."

Tangu serikali iliporuhusu watu binafsi kuagiza bidhaa nje, maduka ya mjini yamejaa spea za magari ya Kijapani. Za gari lake hakuna anayeagiza. Tairodi alizitafuta miezi saba kwenye magari mabovu. Anayemkerezea bushi ni Shaibu, fundi jirani mwenye mashine. Siku nyingine Evarista huziba pancha barabarani, apate shilingi mia nne. Asipopata, watoto watatu hulalia uji.

Mwezi uliopita alikuja mfanyabiashara wa mahindi. Akautikisa usukani, akaridhika, akatoa pesa.

"Mama, ni zima kweli?"

"Nimelitengeneza, imebaki bushi moja tu. Lakini lilimuua mume wangu."

Mtu yule alirudisha pesa mfukoni, akaondoka bila kuaga.

"Ungenyamaza, dada," Shaibu alimlaumu. "Watoto wangekula."

"Nilishanyamaza mara moja, kaka Shaibu."

Bushi inaingia. Evarista anatoka uvunguni, anashika gurudumu kwa mikono miwili na kulivuta huku na huku. Halichezi. Hatabasamu.

Jumamosi ataliendesha hadi kijiji cha Zuzu na kurudi, nyuma amepakia magunia ya mchanga badala ya watu. Likimrudisha, msimu huu atabeba mahindi mwenyewe.

Ruthu, bintiye wa miaka kumi na minne, ameomba waende wote wawili.

"Nimemkatalia," anasema Evarista, akifuta mikono kwa kanga. "Mmoja wetu lazima abaki na wadogo."