Firigisi ya Mzee na Kadi ya Mwalimu

Mume wangu alilikatia roli lake bima kabla halijabeba hata gunia. Kibandiko kilikaa kwenye kioo cha mbele, naye akakifuta vumbi kila asubuhi kama anamfuta mtoto uso. Mchango wa chama cha kuzikana nao hakuwahi kuukosa. Kwa hiyo gari lilikuwa salama, na maiti yake ilikuwa salama. Yeye mwenyewe akiwa hai, na meno yake mdomoni, ndiye asiyekuwa na wa kumwangalia.

Mke wa mwanetu ni mwalimu. Alipopata bima ya afya alikuja kutuomba majina atuandike wategemezi. Alieleza kwa adabu kwamba kadi yake inalipia hata meno, kuyasafisha na kuziba tundu likiwa bado dogo. Mzee akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kujiandikia ugonjwa ukiwa mzima ni kuuita. Nikamuuliza, na kule kwenye chama cha kuzikana alikuwa anaita nini. Akatoka kwenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe wenyewe tulishauza.

Mimi nikaandikwa. Daktari wa meno hapa Tunduma alinikwangua ugaga, akaziba magego yaliyoanza kutoboka, akaniambia nirudi baada ya miezi sita hata kama siumwi. Nikarudi, na nikaendelea kurudi. Jirani aliniuliza kama siku hizi nakwenda hospitali kusalimia. Nikamjibu ndiyo, daktari ana adabu, hamcheki mtu akipita.

Mzee alikuwa na dawa yake, chumvi ya Ivuna. Usidhani alisukutua. Alichukua bonge, akalishindilia kwenye tundu la jino, juu yake akaziba kwa ugoro. Jino likinyamaza anatangaza limepona. Likiamka anakwenda kuling'oa. Kuziba kunataka kurudi tena, na asiye na bima kila akirudi anaingia mfukoni, lakini kung'oa kunaisha leo. Wasio na kadi wengi hufanya hivyo, na siwacheki. Ila huyu kadi ilimfuata hadi mlangoni akaifukuza. Jino likitoka, yaliyobaki yanalegea na kuegemea pengo. Miaka ikapita, mdomo ukawa kama uzio wa mtu mvivu.

Ndipo mjukuu wetu akachumbiwa. Wajomba wa kijana walivuka mpaka kutoka Zambia, kuku akachinjwa. Nyumbani kwetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba, naye akishaila ndipo wageni wanaanza. Akiitema, wageni watajua wamekataliwa.

Mzee akaitia mdomoni. Akaipeleka kushoto, akairudisha kulia. Wageni wameshanawa, mikono iko hewani. Mjukuu anachungulia kutoka jikoni, ndoa yake yote imekaa kwenye shavu la babu yake.

Mwisho akaitoa kwa kiganja, akainama upande wangu. "Mama, nisaidie."

"Nikusaidie nini, Mzee? Si ulisema mdomo wako hauumwi?"

"Nisaidie kula."

Mwanamke kula firigisi mbele ya wakwe, hilo sijawahi kuliona. Nikawaambia wageni kwamba nyumba hii anayeila ni mwenye meno. Nikaitafuna taratibu, kwa yale magego yaliyozibwa, hadi ikaisha. Mjomba mkubwa alicheka mpaka akajifuta macho, akamega ugali. Mjukuu akaolewa.

Wageni walipoondoka, mzee akaniambia huku anaangalia ukuta, "Mwambie mwalimu aniandike."

Akaandikwa. Daktari alimwambia wazi kwamba kadi haioteshi meno yaliyokwenda, kazi yake ni kutunza haya machache yasiyafuate mengine. Fizi zikasafishwa, mawili yakazibwa. Sasa anakwenda hata asipoumwa, na akirudi ananifundisha namna ya kushika mswaki, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nashindilia chumvi. Namsikiliza kwa adabu zote. Firigisi bado naila mimi.