Neno Linaloleta Magari

Kaswera alikuwa mwanamke wa hasira, wala hakuificha. Wenzake wa sokoni Butembo, pale alipouza fretin, yaani wale samaki wadogo wakavu, walimtania kwamba hata mizani yake ilimwogopa. Alicheka pamoja nao. Lakini hasira ile ilikuwa na mwanzo wake, na alihama nayo kutoka Mangina.

Huko alikuwa mke wa Mbusa, mkulima wa kakao. Asubuhi moja wenye mapanga waliingia mashambani. Kaswera alijificha migombani na simu yake, akampigia kila mwenye bunduki aliyewekwa pale kuwalinda raia. Wote waliitika kwa sauti nzuri. "Tunakuya, mama, usiogope," walisema. Kambi yao ilikuwa karibu kiasi kwamba majogoo wa kijiji ndio waliowaamsha. Walifika Mbusa akiwa ameshazikwa, wakauliza kama kuna kuku wa kuuza.

Basi Kaswera akambeba Ornella, binti yake aliyekuwa bado ananyonya, akaenda Butembo na kupanga chumba katika ua mmoja na Kavira, muuza unga wa muhogo. Wakawa marafiki wakubwa. Watoto wao walikula sahani moja.

Kisha Ebola ikaja. Kaswera hakuwa miongoni mwa waliosema ni uongo. Alimwona mwanamke wa nyumba ya tatu akifa nayo, akakubali kuchanjwa, akanawa kwa maji ya klorini hadi vidole vikapauka. Kilichomkera ni zile mbio. Mtu akitapika damu mtaani, ilitosha kupiga namba ya bure, na magari ya riposte, kama walivyoitwa wapambanaji dhidi ya Ebola, yalifika chai haijapoa. Kumbe barabara zilikuwa zinapitika! Kumbe mafuta yalikuwepo! Miaka yote ile watu wa kwao, Mangina na Beni yote, walichinjwa huku wakiambiwa wasubiri, na kumbe kuja kunawezekana.

Wakati huohuo surua, ambayo huko watu huiita rougeole, ilikuwa ikimaliza watoto kimyakimya. Ikamshika Ornella, sasa mwenye miaka minne. Macho yakawa mekundu, vipele vikamwenea, na kifua kikaanza kumbana hadi mbavu zikawa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Kaswera alimbeba mgongoni hadi kituo cha afya cha mtaa. Alimkuta nesi mmoja tu, Ézéchias, amekaa kando ya kabati tupu.

"Dawa ya rougeole ilisha," Ézéchias alisema, bila kumtazama usoni. "Na benzangu bote balienda kutumika na riposte. Shi unaona, mama, nimebaki peke yangu."

"Na mutoto anakufa hivi?"

Ézéchias alimpa paketi ya dawa ya homa. Hakuwa na kingine. Kaswera hakumtukana, ingawa tusi lilikuwa mdomoni.

Alipofika nyumbani alipiga ile namba ya bure. Akapokea msichana mwenye sauti ya upole.

"Mutoto wangu hapumue muzuri. Iko na rougeole."

"Anatoka damu, mama?"

"Hapana."

"Donc mupeleke ku centre de santé. Huku tuko juu ya Ebola."

Kituo hicho cha afya ndiko alikotoka. Alipiga tena, akaulizwa swali lilelile, akajibu hapana. Akapiga mara ya tatu, na mambo yakawa yaleyale. Ornella alikuwa ameacha hata kulia. Hapo ndipo Kaswera alipogundua kwamba kila mara mlango ulifungwa na neno moja, na neno hilo lilitoka katika kinywa chake mwenyewe. Alijua vizuri anachotaka kufanya. Mtoto angepelekwa mahali palipolazwa wagonjwa wa Ebola, na asiye nayo angeweza kuipata hukohuko. Alimtazama binti yake, akapiga.

"Anatoka damu?"

"Ndiyo," alisema Kaswera. "Anatoka damu mingi."

Magari mawili yalifika. Watu wakavaa nguo nyeupe uani, wakanyunyiza dawa kila kona, hata gunia la fretin likalowa na kuharibika. Kavira aliwakusanya wanawe akavuka barabara bila kugeuka nyuma. Kaswera alimwona, na akasema moyoni kwamba hilo hatalisahau.

Huko kwenye kituo cha Ebola, Ornella aliwekwa chumba cha peke yake, akapewa hewa ya mtungi na dawa, vitu vyote ambavyo Ézéchias hakuwa navyo. Damu yake ikapimwa, kipimo kikarudiwa, Ebola haikuwepo. Kifua kikaachia. Daktari kijana akamjia Kaswera akiwa amekunja uso.

"Mama, ulitudanganya."

"Nilisema kweli mara tatu, docteur. Hakuna mutu alikuya."

"Mais gari ikienda kwako bule, kuko mwingine anaingoja. Uliwaza ile?"

Kaswera hakuwa ameiwaza. Iliuma, kwa sababu aliwajua wanaongoja. Alikuwa mmoja wao migombani. Akaahidi kutorudia uongo ule, na hakuwa anatania.

Alirudi na Ornella mzima, lakini sokoni hakuna aliyemkaribia, kwa kuogopa Ebola. Kavira alihamishia jiko lake upande wa pili wa ua. Walipishana mlangoni bila salamu.

Haikuchukua muda, Kavira akasimama mbele ya mlango wake mchana kweupe, mwanawe mdogo mgongoni, macho mekundu, mbavu zikiingia na kutoka.

"Nifundishe vile ulisema," Kavira alisema. "Tafazali, dada."

Kaswera alikuwa amejiandalia maneno makali kwa siku kama hii. Aliisikia pumzi ya mtoto, na hasira yote ikamwacha Kavira ikarudi mahali pake pa zamani, kwa wale wanaoitika bila kuja. Alichukua simu. Alikuwa ameahidi, basi akaanza na ukweli.

"Kuko mutoto wa rougeole, hapumue muzuri. Ku centre de santé dawa hakuna. Muje, tafazali."

"Anatoka damu, mama?"

Kaswera alimtazama mtoto. Aliwapa muda. Alitamani sana, kwa mara moja tu maishani, mtu aje kwa sababu ameambiwa kweli.

"Mama? Anatoka damu, ao hapana?"

"Anatoka," alisema Kaswera.

Magari yalifika kabla Kavira hajamaliza kufunga kanga.