Majibu Kutoka Nyuma ya Pazia

Kazi ya kuwashauri wanafunzi kuhusu masomo na ajira nilipewa kwa sababu moja tu: katika skuli yetu ya Mkoani, mimi ndiye niliyekuwa na simu kubwa na bando lisilokatika. Wenzangu walinicheka. Mimi nikaishika kazi ile kwa mikono miwili, maana sikuzaliwa mtu wa kuchekwa nikanyamaza.

Ukimuuliza mtoto wa kike anataka kuwa nani, majawabu yalikuwa mawili: mwalimu au nesi. Sikuwalaumu, wangetaka vipi wasichokiona? Nikawa nawafungulia mtandao kila baada ya masomo, tukitazama vyuo, sifa zinazotakiwa, na video za watu wakiwa kazini. Binti mmoja wa kisiwa cha Makoongwe, mkali wa fizikia, akaganda kwenye video moja. Mwanamke wa nchi ya mbali, Mwislamu kama sisi, kajifunga mtandio wake vizuri, yuko chini kabisa ndani ya meli, anaeleza kwa Kiingereza namna mashine inavyofanya kazi.

"Mwalimu," aliniambia, "mie nnataka hii."

Chuo tulikipata. Alama zake zilitosha. Maombi yalikuwa ya mtandaoni na yalikuwa yanafungwa wiki ile ile. Lakini baba yake alikataa katakata: mashine si kazi ya mwanamke. Na baba mwenyewe alikuwa fundi wa mashine za boti! Binti alikulia ubavuni pake akimpa spana, hadi alipovunja ungo akaambiwa mahali pake sasa ni ndani.

Nilighadhibika. Nikaipakua video ile ndani ya simu, nikavuka kwa boti kwenda Makoongwe.

Mama mtu alinipokea ndani, juu ya mkeka. Baba alikuwa barazani na wenzake, na baina yetu pazia la mlango. Kwetu mwanamke mgeni hatoki kwenda kubishana na wanaume barazani, hata awe mwalimu mwenye hasira kama zangu, kwa hiyo hoja yangu ilibidi itangulie peke yake. Nikaiwasha video, mama akapenyeza mkono wenye simu kwenye pazia.

"Baba watoto, hebu tazama hii. Katoka nayo mwalimu skuli."

Sasa, barazani pale uso unaozungumza kwenye simu ulikuwa na maana moja: jamaa anayeishi ng'ambo Maskati kapiga simu. Yule mwanamke wa melini alipoanza kwa salamu, baraza nzima ikamwitikia.

"Waalaykumu salaam! Hamjambo huko?"

Niliing'ata kanga yangu nisicheke.

"Asema nini huyu?" baba akauliza. "Hebu mwiteni mwali atwambie."

Binti aliuacha mkate wa kumimina jikoni, akasimama nyuma ya pazia, akawa anatafsiri. Mwanzo sauti ilikuwa ndogo. Kisha wanaume, wakidhani yule wa kwenye simu anawasikia, wakaanza kuuliza.

"Muulize, mashine ya dizeli yatoa moshi mweupe na maji yapungua, ina nini?"

Jawabu likaja palepale: gasketi inayoziba kichwa cha injini imeungua, maji yanaingia kwenye silinda.

"Na moshi mweusi?"

Hewa haitoshi, au nozeli zinazopuliza mafuta zinayamwaga. Aanze na kusafisha filta ya hewa, asikimbilie kununua vifaa vipya.

"Wallahi mwanamke huyu ajua!" mmoja akapiga paja. "Fundi, muulize na ile boti yako iliyokushinda!"

Baba hakuuliza. Nilichungulia pembeni mwa pazia nikamwona ameikodolea macho simu mkononi mwake. Kioo kilikuwa cheusi. Video ilikuwa imekwisha zamani.

"Huyu keshazimika kitambo," akasema polepole. "Anojibu nani?"

Jikoni mkate ulikuwa unaungua na hakuna aliyekwenda kuuepua. Binti alinitazama. Sikumsaidia, hapo ushauri wangu wote ulikuwa umefika mwisho.

"Ni mie, baba."

Nilimsikia baba akivuta pumzi. Alipozungumza, hakuzungumza na sisi wa ndani, aliwageukia wenzake, na sauti yake ilikuwa na majivuno ambayo hata yeye hakujua kuyaficha.

"Mmemsikia? Huyo n'mwanangu. Mimi ndiye niliyemfundisha."

Kisha simu ikarudi kupitia pazia, mkononi mwangu. "Mwalimu, jaza hayo maombi yako. Na lile la nozeli usisahau kuwaandikia."

Nilifurahi hadi nikalia, mbele ya mama mtu, bila haya. Tulirudi Mkoani, tukayatuma maombi jioni ile ile.

Siku hizi binti huyo ni mhandisi melini, na wanafunzi wangu nawaonyesha video zake yeye. Mara ya mwisho nilipokwenda Makoongwe nilikaa mkekani palepale. Simu ikalia barazani, nikasikia sauti ya kike na ngurumo ya mashine nyuma yake. Wanaume wakanong'onezana, hawana hakika kama ni video tena. Baba akacheka.

"Ulizeni," akawaambia. "Leo n'yeye mwenyewe."