Gari la Mkwe Wangu Lina Milango Miwili

Wasomaji wa ukurasa huu, miaka mingi nimesoma shida zenu nikicheka pembeni, na leo ni zamu yangu kuchekwa. Nimemwomba mhariri afiche jina langu na la shule yangu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, mwalimu wa jiografia katika shule ya msingi upande wa Malava, hapa Kakamega. Nimefundisha ramani ya dunia nzima na sijawahi kuvuka mpaka wa Kenya.

Binti yangu wa kwanza aliolewa na Mzungu aliyekuja chuo cha kilimo cha Bukura kufundisha ufugaji wa ng'ombe wa maziwa. Ni Mbaski, watu wenye lugha yao na milima yao kaskazini mwa Hispania. Kijana mpole, na Kiswahili chake kinawashinda baadhi ya wanafunzi wangu. Miaka minne iliyopita walihamia kwao, na mwaka huu mjukuu wangu wa kwanza akazaliwa huko. Nimemwona kwa picha tu.

Mwezi wa tatu walinitumia tiketi ya ndege ya Agosti, shule zikifungwa, pamoja na barua ya binti yenye ramani na picha ya gari lao. Mkwe amepanga siku nne za kumzungusha mtoto kwa jamaa zake. Tutaanzia pwani, Lekeitio na Ondarroa, kwa mjomba wake mwenye duka la samaki wa chumvi. Kisha tupande milimani hadi Leitza, kwa bibi yake wa miaka tisini, ambaye amesema hafi kabla hajamwona mama aliyemzaa mke wa mjukuu wake. Jamani, nilifurahi. Nilifungua atlasi, nikapima njia kwa uzi, nikatia alama ya penseli kila kijiji. Nikaanza kumfumia bibi sweta. Nilipanga hata siku ya kuwapikia obusuma, ugali wetu, unga nibebe mwenyewe.

Kosa langu lilijulikana Jumapili moja, nikinywa chai na wifi yangu mkubwa, dada ya mume wangu, ambaye ndiye mlinzi wa mila katika boma letu. Nilimtandikia ramani mezani, nikaeleza mpaka pumzi zikaniishia. Akasikiliza kwa utulivu, kisha akauliza swali moja tu.

"Na hiyo gari anaendesha nani?"

Kwa wale wasiotujua sisi Waluhya: mama mkwe na mume wa binti yake hawakai pamoja. Hawali meza moja, hawalali chini ya paa moja, hawapeani mkono. Siku ya harusi nilimsalimia mkwe nikiwa kwenye mlango wa jikoni, naye amesimama kule uani. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Na mimi, mwalimu mzima, nilipima kila mlima na kila kona nikasahau kwamba dereva ni mkwe wangu. Nilirudi kutazama picha ya gari. Ni dogo, lina milango miwili. Magoti yangu yatagusa kiti chake siku nne nzima.

Ipo njia ya kuondoa aibu hiyo. Mkwe huja nyumbani na blanketi, tunamchinjia kuku mbele ya wazee, basi mnaweza kukaa pamoja. Lakini lazima aje mwenyewe, na kazi haimruhusu kabla ya Desemba ya mwaka ujao. Bibi ana miaka tisini. Wifi anasema mwacha mila ni mtumwa, na nikipanda gari hilo nisije nikashangaa mtoto akianza kuuguaugua. Mzee wangu, anayependa amani kuliko chakula, aliniambia, "Mwalimu, mimi sikukatazi. Lakini vile watu wataongea hapa, sitaweza kukutetea."

Nikaona nitumie akili. Nikamwandikia binti yangu kwamba nitakuja, ila wao watangulie kwa gari, mimi nifuate kwa basi, na kila kijiji nitafutiwe kitanda kwa jirani. Nilijiona mjanja kweli. Binti akamweleza mumewe kila kitu. Jibu lililofika wiki jana lilikuwa la mkwe mwenyewe, mara yake ya kwanza kuniandikia.

"Mama, nimeelewa kwamba ni heshima. Lakini kwetu heshima ni mimi kukufikisha mwenyewe. Bibi atakaa mlangoni akingoja gari. Akiniuliza mama wa mke wangu yuko wapi, nimwambie nimemwacha kwenye basi?"

Nimeisoma barua hiyo mpaka karatasi imelegea. Nikimheshimu kwa njia yetu, nimemdharau mbele ya watu wake. Nikimheshimu kwa njia yao, nimejivua nguo mbele ya watu wangu. Nikibaki nyumbani, mjukuu wangu atabaki picha. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba hakuna aliyenikosea. Ningepata hata mmoja wa kumgombeza, ningepumua.

Zimebaki wiki sita shule zifungwe. Sweta niliacha kulifuma, limebaki mkono mmoja. Jana wifi alipita akalikuta kwenye kiti, akauliza ni la nani. Nikamwambia. Alilishikashika, akalikunja vizuri, akanirudishia.

"Limalizie," akasema. "Huko kwa milima kuna baridi."

Kuhusu gari hakusema neno, nami nikaogopa kumuuliza.

Nishaurini, wenye mabinti na wenye wakwe. Mkono huo mmoja nitaumaliza leo. Sweta likishakwisha, nilipeleke mwenyewe ndani ya gari lile, ama nilitume kwa posta?