Kidonge Ndani ya Tonge

Yeshimebet hakumwamini mtu, na sisi majirani zake wa Debre Birhan, Ethiopia, tulimpenda hivyo hivyo. Miaka thelathini aliuza pilipili ya kusaga sokoni, na kila gunia alilionja kwanza, maana wasagaji wana mchezo wa kuchanganya vumbi la matofali. "Zenebech," aliniambia, "mtu hata akikuamkia, mwangalie mikono."

Alipopatikana na saratani ya damu, daktari alimpa vidonge vya kumeza nyumbani: kimoja kila siku, baada ya chakula, kwa glasi kubwa ya maji. Akiacha, ugonjwa unarudi. Alimeza miezi saba, na rangi ikamrudia. Kwa kuwa macho yake yana ukungu, aliyekuwa akimpa ni Tirsit, mke wa mwanawe wa pekee.

Basi siku moja nipo pale kwa kahawa, namwona Tirsit anavaa glavu. Anakitia kidonge kwenye kijiko, anamsogezea mama wa watu kwa mbali, kisha anakwenda kunawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Mimi huyo, ningenyamaza?

"Wewe binti, unampa mama mkwe dawa au unatega panya?"

"Ndivyo walivyoniagiza hospitali, mama Zenebech."

"Tangu lini? Mwezi jana si ulikuwa unakishika kwa vidole?"

Akakusanya vikombe vya kahawa. Alipotoka nikamsogelea mwenzangu. "Shoga, dawa gani hiyo, yeye anaogopa kuigusa na wewe unaimeza? Kikulacho ki nguoni mwako." Ole wangu na ulimi wangu!

Tangu hapo Yeshimebet akawa anakificha kidonge shavuni. Tirsit akigeuka, anakitema na kukitupia kwenye kopo la pilipili. Hazikupita wiki nyingi jasho la usiku likarudi, na ubavu wa kushoto ukamjaa.

"Unaona? Ananiua polepole," akaniambia.

Nikaitikia kwa kichwa. Wala haikunijia akilini, mjinga mimi, kwamba siku hizo hakuwa akimeza kitu.

"Nitampima kama nilivyopima pilipili," akasema. "Kwa ulimi. Ila safari hii ulimi wake."

Ikafika Pasaka. Tumezunguka sinia moja, mchuzi wa kuku unanukia, injera, mkate wetu mwembamba, imetandazwa. Yeshimebet akakata kipande, akakunja tonge nono, akaunyosha mkono kuelekea kinywa cha mkwewe. Nani kwetu anakataa tonge la kulishwa, tena la mama mkwe? Tirsit akafumba macho kwa furaha, akaachama. Alikuwa hajalishwa na mkono ule tangu glavu zilipoingia nyumbani.

Meno yakagonga kitu. Akatema vyote kiganjani, na kidonge kikatokeza katikati ya mchuzi.

"Mama, umenilisha nini?"

"Dawa yako! Si ni dawa? Meza basi nikuone!"

Tirsit akajisugua ulimi kwa pindo la shuka lake jeupe la kujitanda huku analia. "Mama, nina mimba! Miezi mitatu! Wamesema mwenye mimba asiiguse hata kwa kidole, inamdhuru mtoto tumboni. Ningesemaje, mimba yenyewe changa, na humu ndani macho ya watu hayaishi?" Akaniangalia mimi. Mungu wangu, niliona haya mpaka kwenye kucha.

"Maji!" Yeshimebet akapiga kelele. "Zenebech, umekaa tu? Lete maji asukutue!"

Hospitalini muuguzi akakigeuza kile kidonge: kizima, hakijapasuka. Akasema ni bahati, lakini mimba wataifuatilia. Kisha akatazama majibu ya damu ya Yeshimebet, akamtazama na mwenyewe. "Mama, umeacha kumeza?"

Yeshimebet akatoa kopo la pilipili chini ya shuka alilojitanda, akaliweka mezani.

"Ukiwa na shaka, uje uniulize mimi," muuguzi akamwambia. "Usiache kwa shauri la jirani. Na leo usimeze viwili ili kufidia ulivyotema. Kimoja tu, kizima, umeshiba."

Miezi sita tulihesabu siku kwa hofu. Mtoto alizaliwa wa kike, na bibi yake akampapasa vidole vyote, mikono na miguu, akarudia tena. Damu yake yeye ilikuwa imeshatulia. Kidonge siku hizi anakimimina mwenyewe kwenye kifuniko cha chupa na kukipeleka kinywani, na Tirsit anafukuzwa chumbani mpaka amalize.

Siku ya ubatizo nilikunja tonge zuri, nikamnyoshea Yeshimebet. Hakuachama. Alilipokea kwa mkono, akalifungua, akalipapasa kipande kwa kipande, halafu akaliweka pembeni mwa sinia.